Kabla Hujaziunga Amplifaya za Masunga

Kabula mwanangu,

Mwadila, mayu, nakusalimu kwa lugha ya nyumbani. Najua utaishangaa barua hii, maana tunalala nyumba moja na kesho tutakunywa uji pamoja kabla hujapanda gari la Katoro. Nimefunga duka tangu saa tisa mchana na kuwaambia majirani kwamba umeme umekatika, ingawa haujakatika. Wewe upo kwa msusi, mama yako yuko sokoni anatafuta dagaa wa kukufungia. Nina kama saa mbili za kuandika kabla hamjarudi, na naandika haraka, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Mambo ya chandarua, nauli, na nani umpigie simu ukifika, mama yako ameshakuambia mpaka umechoka. Mimi nina moja tu. Juzi uliniuliza swali la kazi. Uliniuliza kuhusu zile amplifaya mbili za Masunga, huyu tajiri wa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huko Rwamgasa aliyekuajiri umwangalizie duka lake jipya la redio na sola. Kabla ya duka anataka umfungie muziki sebuleni kwake, na anataka ziungwe briji ili sauti iwe kubwa. Ukauliza, "Baba, niunge au nisiunge?" Sikukujibu. Jana ukauliza tena, na sikukujibu tena.

Mama yako akanifuata chumbani akaniambia mtoto anaondoka na donge rohoni, anadhani nimekasirika kwa sababu anakwenda Rwamgasa. Sijakasirika, Kabula. Mara ya kwanza sikukusikia kabisa, maneno yako nimeyapata kwa mama yako. Mara ya pili nilikusikia nikashindwa kujibu, kwa sababu jibu lake linapita mahali ambapo sijawahi kumpitisha mtu. Hata mama yako nimemfikisha nusu ya njia tu.

Nianze na la ufundi, maana ndilo jepesi. Wewe umesoma chuo na mimi nimejifunza kwa kuunguza vitu vya watu, lakini niache niliseme kwa maneno yangu. Amplifaya ya stereo ina pande mbili, mmoja unasukuma spika ya kushoto na mwingine ya kulia. Ukiunga briji unazifunga pande zote mbili kwenye spika moja, kama ng'ombe wawili kwenye plau moja, ndiyo maana zinatakiwa amplifaya mbili, kila moja na spika yake. Nguvu inaongezeka, hilo sibishi. Lakini kila upande sasa unaiona spika kama ina nusu ya omu zake, yaani ukinzani wake. Spika ya omu nane inakuwa kama ya nne, ya nne inakuwa kama ya mbili, na amplifaya nyingi za nyumbani hazikutengenezwa kubeba mbili. Inachemka, halafu ama inajizima ama inaunguza transista na kuondoka na spika ya watu.

Na faida yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Nguvu ikiongezeka mara tatu, sikio halisikii mara tatu, linasikia sauti imepanda kiasi tu. Mtu anayesikiliza taarifa ya habari na kwaya akiwa kwenye kochi lake, hatua nne kutoka kwenye spika, hatumii hata robo ya nguvu aliyonayo. Ukimsogezea spika karibu na kiti, ukaziinua kutoka sakafuni, umemfanyia kazi kubwa kuliko briji. Na chini ya bati, mvua ya Machi ikianza kupiga, hakuna amplifaya itakayosikika, iwe imeungwa au haijaungwa.

Sisemi briji ni haramu. Amplifaya yenye swichi yake ya briji nyuma, spika za omu nane, ukumbi mpana wenye hewa, unga na ulale usingizi. Ila zile ndogo za bei rahisi, ambazo chipu yake imeshaungwa briji huko huko kiwandani, ukiziunga tena umeziua. Haya yote unayajua. Nayaandika kwa sababu nikiyaandika najiona bado fundi.

Sasa za Masunga. Ulinionyesha picha kwenye simu. Nyuma ya amplifaya zake imeandikwa kwamba briji ni kuanzia omu nane. Nyuma ya spika zake imeandikwa nne. Ulishaliona, ndiyo maana uliuliza. Na najua unachojiambia, kwa sababu na mimi nilijiambia hivyo hivyo wakati wangu, kwamba ni sebule tu, hatafungulia mpaka mwisho, zitahimili. Kabula, atafungulia mpaka mwisho. Yule anayelalamika kwamba sauti haitoshi kwenye sebule ya kawaida, yenye spika kubwa kama zile, ndiye atakayefungulia mpaka mwisho. Sasa nikueleze nimejuaje.

Kabla ya kumwoa mama yako nilifanya kazi hapo hapo Rwamgasa unakokwenda. Nimekuwa nikikuambia nilikuwa mchimbaji, kwa sababu inasikika vizuri. Duarani, ndani ya shimo lenyewe la dhahabu, nilishuka mara mbili, ya pili nikapandishwa nikiwa nalia, nikaomba kazi ya juu. Wakaniweka kwenye karasha. Utayaona kesho, ni mapipa makubwa ya chuma yenye mipira ya chuma ndani, yanazungushwa na injini mpaka mawe yanakuwa unga wa kuoshea dhahabu. Kelele yake huwezi kuisimulia. Na huwezi kufungua pipa kila dakika kutazama kama mawe yamesagika, kwa hiyo mwendesha karasha anasikiliza. Mawe mabichi yanagonga kwa sauti nzito. Yakianza kuiva mgongano unakuwa mkavu. Yakiiva kabisa, unasikia mipira inagongana yenyewe kwa yenyewe, kali, na hapo unazima. Ukiwahi, dhahabu inabaki kwenye chenga. Ukichelewa, unachoma mafuta ya tajiri na kusikia matusi yake.

Mimi nilikuwa na sikio, mwanangu. Sijisifu. Watu wenye mawe mazuri walikuwa wanauliza kwanza kama zamu ni yangu ndipo walete viroba vyao. Kuna wakati tajiri alituletea viziba masikio, mfuko mzima. Tulicheka siku nzima. Ukiziba, utasikiaje mawe yameiva? Kijana mmoja alivaa vyake, tukamwita mgonjwa mpaka akavivua. Aliyeanza kumwita hivyo ni mimi. Jioni masikio yalikuwa yanalia wiii bila kukoma, tunakaa kwenye maturubai tunafungulia redio mpaka inakwaruza, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa wote tulikuwa hivyo hivyo. Nilikaa miaka sita. Sikio lile lile lililonipa jina ndilo nililolipeleka kila siku likasagwe pamoja na mawe ya watu, na wala halikuniuma hata siku moja. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba halikuniuma.

Nilipokuja hapa Ushirombo kuanza ufundi redio, watu walikuwa wanasema huyu jamaa anasikia ugonjwa wa redio kabla hajaifungua. Nikaamini.

Unamkumbuka Mwalimu Deo, yule mstaafu wa karibu na kanisa. Una miaka kumi na miwili wakati huo, umekuja na mimi kunibebea waya. Spika zake zilikuwa zawadi, walimu wenzake na wanafunzi walichangishana wakampa siku aliyoagwa shuleni. Alikuwa akimaliza misa anakaa nazo mpaka mchana, anasikiliza kwaya. Alikuwa ameniita nimrekebishie kitufe tu. Nikakirekebisha, nikawasha, nikasikia kama sauti imefunikwa na blanketi. Nikamwambia mwalimu, hii amplifaya ni dhaifu, ninayo nyingine kama hii dukani, niziunge briji ufaidi. Akaniambia taratibu, "Mimi nasikia vizuri, fundi." Nikaona ni uzee wake. Nikamshawishi, nikamtajia mambo ya wati, nikatumia maneno mengi ambayo yeye mwalimu hakuyajua, akakubali kwa heshima.

Jumapili iliyofuata alikuwa na wageni. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nimealikwa kama fundi mkubwa. Nikaenda kuongeza sauti, nikaongeza tena, wageni wakanyamaza kwa sababu hawakuweza kuongea, mimi bado nasikia haijafika. Harufu ikaanza. Koili za spika zote mbili zikaungua na amplifaya moja ikatoa moshi. Mwalimu akaniuliza nini kimetokea. Nikamwambia ni umeme, umekuja mwingi. Akaamini. Akaenda Kahama akanunua stabilaiza ya kutuliza umeme, akaiweka mezani mpaka leo, anaifuta vumbi.

Nilizisuka upya zile koili. Nilipozirudisha, mwalimu akasikiliza, akasema siyo zilezile. Nikamwambia ni zilezile. Na wewe, ukiwa umekaa kwenye mkeka, ukasema, "Baba, zinakwaruza." Nilikufinya. Nilikufinya mkono kwa nguvu mbele ya mwalimu, na njiani nikakuambia mtoto haongei mbele ya wateja. Ukanyamaza kweli. Kwa miaka kadhaa hukuwahi tena kusema neno juu ya sauti ya redio yoyote mbele ya mtu. Zilikuwa zinakwaruza, Kabula. Ulikuwa sahihi na mwalimu alikuwa sahihi. Mimi peke yangu kwenye chumba kile ndiye niliyekuwa sisikii, na mimi ndiye niliyekuwa nimelipwa kusikia.

Haikunijia siku hiyo. Nililaumu koili, nikalaumu waya wa Kichina, nikaanza kumlaumu mama yako kwamba ameanza kunong'ona ndani ya nyumba yangu. Tuligombana sana mwaka ule, unakumbuka, na wewe ulikuwa unatoka nje kukaa kwenye banda la kuku. Ugomvi ulikuwa ni huo tu. Alikuwa anaongea kama kawaida yake.

Nilijua kwa sababu ya nyenje. Mvua za kwanza zilikuwa zimepita, tumekaa uani, ukamwambia mama yako nyenje wa mwaka huu wana kelele mpaka kichwa kinauma. Mama yako akaitikia. Nikatega sikio. Nikasikia pikipiki barabarani, nikasikia ng'ombe wa jirani, nyenje sikusikia hata mmoja. Nikauliza kwa ujanja, wako upande gani? Ukaniangalia, ukacheka, ukasema, "Kila upande, baba." Nikacheka na mimi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu mpaka mbu wakanifukuza.

Nikaenda hospitali, nikamdanganya mama yako kwamba nafuata vipuri. Nesi akanivalisha kitu masikioni, akaniambia nikisikia mlio ninyooshe mkono. Unajua nilifanya nini? Nilikuwa naangalia kidole chake. Akibonyeza, nanyoosha. Mtu mzima, nimepanda gari mpaka huko ili nipate ukweli, halafu naufanyia wizi. Akagundua, akageuza kiti changu nikatazama ukuta. Kuanzia hapo mkono wangu ulikaa mapajani muda mrefu sana. Alipomaliza hakunisema. Aliniuliza tu kama niliwahi kufanya kazi kwenye karasha, kabla sijamwambia natoka wapi.

Yaliyokufa hayarudi, alisema. Sauti nyembamba zimekwenda zote, na maneno ya watu nayapata nusunusu, nikiwa nawatazama midomo.

Sasa ujue jinsi nimekuwa nikifanya kazi tangu hapo. Unadhani nakuita mezani kwa sababu nakufundisha. Ni kweli nakufundisha, lakini kila redio iliyotoka dukani kwangu miaka hii imepimwa na uso wako. Ukikunja pua, najua sauti kali imezidi. Ukiinamisha kichwa kidogo kulia, kuna mkwaruzo. Ukiendelea na shughuli zako kama hakuna kitu, nafunga mfuniko na kumwita mwenyewe aje achukue. Hata ulipokuwa chuo, kazi ngumu nilikuwa naziweka chini ya meza mpaka likizo, nawaambia wateja nasubiri kifaa kutoka Mwanza. Kifaa kilikuwa wewe. Kesho unaondoka na masikio ya duka hili, na sijui nitawaambia nini watu. Naogopa, mwanangu, nakuambia kweli. Lakini usije ukabaki kwa ajili hiyo. Nikikuona umeshusha begi kwa sababu ya maneno haya, nitajuta kuyaandika.

Kinachonitoa jasho zaidi ni jambo jingine, na hili ni la wiki tatu tu zilizopita. Masunga alipokuja hapa kuongea habari zako, wewe ulikuwa umetumwa Runzewe. Tulikaa mimi na yeye sebuleni zaidi ya saa nzima. Mama yako anasema alikuwa jikoni anacheka, tulivyokuwa tunapigiana kelele mpaka mtoto wa jirani akachungulia. Yeye anauliza "Nini?", mimi nauliza "Eeh?", kisha wote tunatingisha vichwa. Mimi nimezoea kutingisha kichwa, Kabula. Mtu asiyesikia anajifunza kwamba ukitingisha kichwa na kutabasamu, watu wanaendelea kuongea na hawakuulizi kitu. Alisema jambo fulani akionyesha kwa mkono, huku na huku, nikatingisha kichwa. Akasema jingine, nikatingisha. Tukashikana mikono.

Alipoondoka mama yako akaja na uso umebadilika. Akaniuliza, "Umekubali mtoto akalale chumba cha nyuma ya karasha?" Ndicho alichokuwa anaonyesha. Chumba kimegusana ukuta na banda la mapipa. Na jingine nililolikubali ni kwamba siku ambazo wateja wa duka ni wachache, umsaidie kwenye karasha, maana amesikia una sikio zuri.

Nimekupeleka mahali pale kwa kutingisha kichwa changu mwenyewe, bila kusikia. Nimeshindwa kumpigia simu, kwa sababu kwenye simu simwoni midomo, na yeye kwenye simu hanisikii. Mama yako alitaka apige yeye, nikamkatalia kwa aibu, nikasema nitalimaliza kiume. Wiki tatu zimepita sijalimaliza. Leo nimeona begi lako mlangoni, ndipo nikafunga duka niandike.

Basi haya ndiyo ninayokuomba, na ukiona mengine ni woga wa mzee, yaache, ila la chumba usilipuuze. Usikubali kulala kile chumba hata siku moja. Mama yako ana binamu yake Katoro anayejua Rwamgasa vizuri, namba yake iko kwenye bahasha hii, atakutafutia chumba mbali na mapipa. Mwambie Masunga baba yako alikubali bila kusikia, na amekiri hivyo kwa maandishi. Na kwenye karasha usimsaidie. Atakusifu. Watu watakuja waulize kama zamu ni yako. Ni tamu sana kusifiwa hivyo, mimi nimeionja, na ndiyo maana nakuogopea zaidi kuliko ningemwogopea mtu mvivu. Ukilazimika kupita pale, ziba masikio, wakuite mgonjwa.

Halafu amplifaya. Ukifika sebuleni kwake, usitoe hata bisibisi kwanza. Subiri awe amekupa mgongo, anaangalia simu au anamimina chai. Simama hatua tatu nyuma yake umwite jina lake kwa sauti ya kawaida, kama unavyoniita mimi. Akigeuka, basi nimekosea juu yake, mweleze habari za omu nne na nane, fungia amplifaya moja tu spika zake, ile ya pili mpelekee barazani. Asipogeuka, mwite tena. Asipogeuka mara ya pili, weka begi chini, zunguka uende ukae mbele yake anapoona midomo yako, umwambie kwamba amplifaya zake ni nzima.

Najua ni kazi mbaya. Wewe mtoto wa kike, mgeni, siku ya kwanza ya ajira, umwambie tajiri kwamba masikio yake yanakwisha. Anaweza kukufukuza. Nimelifikiria hilo kila siku, nimeligeuza huku na huku, na kila nikiligeuza nakuta afadhali akufukuze. Ukiziunga zitaungua ndani ya mwezi, na utasimama pale kwenye moshi ukitafuta la kusema, na neno umeme litakujia lenyewe mdomoni. Mimi lilinijia kabla sijafikiri. Na yeye ataendelea kutafuta amplifaya kubwa zaidi mpaka asisikie hata karasha lenyewe. Mimi hakuna aliyekaa mbele yangu akaniambia. Mmoja alijaribu, akiwa na miaka kumi na miwili, nikamfinya.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu Deo. Nilikwambia naenda kunyoa, na unaona sijanyoa. Nilimweleza yote, nikiwa nimekaa mahali ninapouona uso wake. Sikutegemea atacheka, na hakucheka. Alikasirika. Aliitazama ile stabilaiza, akaniuliza amekuwa akiifuta vumbi miaka yote hii kwa ajili ya nini. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani ameongea nimekosa kusikia, nikamwomba arudie. Akasema hajasema kitu. Kisha akasema, "Yule binti alisema kweli, nami niliona ulivyomfinya. Umeshamwomba radhi?" Nikasema bado. Akaniambia, "Anza na huyo. Mimi utanikuta hapa hapa."

Basi nakuomba radhi, Kabula. Kwa mkono ule, na kwa miaka uliyonyamaza.

Limebaki moja, kisha nikunje, maana naona mama yako anavuka barabara na mfuko kichwani. Siku ulipokwenda chuo, nilikuwa nimeinamia redio ya mtu. Mama yako aliniambia miezi mingi baadaye kwamba ulisimama mlangoni nyuma yangu na begi lako ukasema, "Baba, naondoka." Ukasubiri. Ukasema tena. Halafu ukaenda stendi ukilia, ukiamini baba yako hakutaka usome. Mimi nilinyanyua kichwa nikakuta mlango mtupu, nikamuuliza mama yako, mbona mtoto ameondoka bila kuniaga? Nikakununia muhula mzima. Ulipiga simu nikawa najibu mkato, nawe ukawa unajibu mkato.

Kesho, tafadhali, usiniage ukiwa mlangoni, wala ukiwa unafunga zipu ya begi. Njoo mbele yangu. Vuta kile kigoda cha kazi, kaa, subiri nikutazame, ndipo useme kwamba unaondoka. Sema mara moja tu, taratibu. Safari hii nataka nikujibu.

Ni mimi baba yako, nimekaa hapa dukani nakusubiri utoke kwa msusi.